Kazi ya Kupiga Chapa, na Yatupasayo Sisi Makarani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Jangwani, Dar es Salaam)



 Halmashauri iliniagiza niseme habari za kazi ya kupiga chapa: jinsi ilivyoanza ulimwenguni, jinsi ilivyofika katika nchi yetu, na faida tuliyoipata kwayo. Mimi si mpiga chapa. Ni karani kama ninyi, na elimu yangu ni ile niliyopewa katika shule ya misheni. Lakini karani ni jirani wa mpiga chapa, maana kila neno lipitalo katika mashine limepita kwanza mkononi mwa mtu wa kalamu. Basi nitasema kwa kadiri ya maarifa yangu, nanyi mtanisamehe pale nitakapopunguza.

Watu wengi wakiulizwa faida ya chapa hujibu ya kuwa ni upesi na urahisi wa bei. Hayo ni kweli, lakini kwa maoni yangu siyo yaliyo makuu. Faida iliyo kuu ni hii: chapa hulifanya neno moja likae katika nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Nyumba moja ikiungua, neno li hai katika nyumba ya pili. Mkubwa mmoja akilichukia na kulichana, limebaki kwa jirani. Wala haifai kusahau upande wa pili wa jambo hili. Mashine haina akili ya kupambanua. Humzidisha aliyekosea sawasawa na amzidishavyo aliyesema kweli. Kwa hiyo mwenye kutumia chapa ana wajibu wa namna mbili: kulisahihisha neno kabla halijazidishwa, na kuzitunza nakala baada ya kuzidishwa. Haya mawili ndiyo nitakayoyaonyesha katika habari zote nitakazowasimulia.

KABLA YA CHAPA

Wako wadhanio ya kuwa pwani yetu haikujua maandiko mpaka walipokuja Wazungu. Hilo si kweli. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla ya misheni. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na barua zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne hiyo ya 18 zimehifadhiwa hata leo huko Goa, Bara Hindi. Na angalieni jambo hili: barua zile hazikusalimika kwa kuwa Kilwa walizitunza, bali kwa kuwa zilifika mahali palipokuwa na desturi ya kuweka makaratasi. Ni nyaraka ngapi nyingine zilizoliwa na mchwa na unyevu wa pwani? Hakuna awezaye kuzihesabu.

Shida ya kitabu cha mkono yajulikana kwenu ninyi nyote mliowahi kunakili orodha ndefu ya mishahara. Mtu wa kwanza hukosea neno moja. Wa pili hunakili kosa lile na kuongeza lake. Wa tatu huona kosa, akalitengeneza kwa kukisia, na kukisia kwake kukawa kosa la tatu. Tena nakala hazizidi chache, kwa sababu mkono huchoka. Ndiyo maana utenzi mmoja waweza kuonekana kwa maneno haya Lamu na kwa maneno mengine Unguja.

JINSI CHAPA ILIVYOANZA

Watu wa kwanza kupiga chapa vitabu walikuwa wa mashariki. Wachina walichonga maandiko juu ya ubao, wakaupaka wino, wakalaza karatasi juu yake. Kitabu kimoja cha Kichina cha namna hii chaonyesha tarehe yake wazi, mwaka 868, nacho kilipona kwa sababu kilifungiwa ndani ya pango mpaka karne ya 20. Baadaye, kiasi cha mwaka 1040, Mchina aitwaye Bi Sheng alifanya herufi moja moja za udongo uliochomwa, ziwezazo kupangwa, kupanguliwa na kupangwa tena. Watu wa Korea wakatumia herufi za chuma. Kitabu chao cha mwaka 1377 kimebaki hata leo, lakini ni juzuu moja tu katika mbili, nayo imo Paris.

Katika Ulaya, Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz, Ujerumani, alikamilisha kazi hiyo katikati ya karne ya 15. Alibuni kalibu ya kumiminia herufi za risasi zilizo sawa kimo, wino wa mafuta ushikao juu ya madini, na shinikizo la mti lililofanana na lile la kukamulia zabibu. Biblia yake ilimalizika kiasi cha mwaka 1455. Yakisiwa ya kuwa alipiga nakala 180 hivi, na katika hizo kama 49 zingalipo, nyingine zikiwa na upungufu. Fikirini: vita, moto, panya na karne tano zimepita juu yake, lakini maadamu nakala zilitawanyika katika miji mingi, haikuwezekana zote zife. Hapo ndipo nguvu ya chapa ionekanapo.

Kutoka Mainz kazi ilienea. William Caxton aliifikisha Uingereza mwaka 1476. Katika nchi za Kiislamu ilichelewa. Ibrahim Müteferrika alitoa kitabu chake cha kwanza Istanbul mwaka 1729, na mtambo wa Bulaq, Cairo, ukaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mwaka 1814 gazeti la The Times la London lilipigwa kwa mtambo wa mvuke uliobuniwa na Mjerumani Friedrich Koenig, ukatoa karatasi 1,100 kwa saa moja. Mwaka 1886 huko New York ilitumika mashine ya Ottmar Mergenthaler, ambayo humimina mstari mzima wa risasi kwa kubonyeza vidole, kama karani apigavyo taipu.

CHAPA YAFIKA PWANI YETU

Neno letu lenyewe, chapa, limetoka Bara Hindi, kama yalivyotoka maneno mengi ya biashara. Lakini mtambo wa kupigia vitabu vya Kiswahili uliletwa Unguja na misheni ya UMCA. Askofu Tozer na Padre Edward Steere walifika huko mwaka 1864, na katika muda wa miaka michache Steere alikuwa akipiga chapa vitabu vidogo vya lugha zetu. Kazi ile haikufanywa kwa mikono ya Wazungu peke yao. Vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa walifundishwa kupanga herufi. Huenda wengine mkapita upesi juu ya neno hilo, lakini mimi lanishangaza kila ninapolikumbuka. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa, asiye na ukoo wala mji, ndiye aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa pwani hii kuushika ufundi ambao wafalme wengi hawakuwa nao.

Sultani Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, naye alijipatia mtambo wake, akapigisha vitabu vya Kiarabu vya elimu ya dini. Na mwaka 1888 likaanza kutoka Kiungani gazeti lililoitwa Msimulizi, likichukua habari zilizoandikwa kwa Kiswahili na walimu na wanafunzi wa misheni, wa visiwani na wa bara.

Bara nako chapa ilipanda kwa taabu. Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, alichonga herufi za mti kwa mkono wake ili awafundishe watu kusoma, na mtambo wake mdogo akawa nao mpaka Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, alikokufa kwa homa mwaka 1890. Kila ratili ya risasi na kila bunda la karatasi lililotoka pwani wakati ule lilikuwa mzigo juu ya kichwa cha mpagazi.

KAZI YA MPANGA HERUFI

Yafaa nieleze kidogo kazi yenyewe, maana sasa vijana wengi hawakuiona. Mpanga herufi husimama mbele ya sanduku pana lenye vijumba vingi, kila kijumba na herufi yake. Katika mkono wa kushoto hushika kijaluba cha chuma. Kwa mkono wa kuume huokota herufi moja moja na kuzipanga. Herufi zote zimegeuzwa kama uso uonekanavyo katika kioo, kwa hiyo yampasa asome kinyume. Herufi b na d, p na q, ni adui zake wa kila siku. Ukurasa ukisha kupangwa hufungwa kwa kamba, ukapakwa wino, ikatolewa nakala moja ya kusahihisha. Baada ya masahihisho ndipo mashine huanza kazi. Kitabu kikiisha, herufi zote hurudishwa katika vijumba vyake, maana hazitoshi kukaa bure.

Tena Kiswahili kilikuwa na taabu yake peke yake. Wauza herufi wa Ulaya waliziuza kwa hesabu iliyofuata lugha zao. Hesabu moja mashuhuri ya Kiingereza yasema: ukinunua herufi e 12,000, utapewa a 8,500, lakini k 800 tu na z 200. Sasa chukueni sentensi yoyote ya Kiswahili mwihesabu. Herufi a ndiyo itanguliayo, na k haiachi kuonekana katika kila mstari, kwa ajili ya ku-, ki-, ka- na kwa. Basi aliyenunua herufi kwa kipimo cha Kiingereza alijikuta na q na x zimelala katika vijumba vyake bila kazi, na k zimekwisha kabla ya nusu ukurasa. Mambo madogo kama haya hufundisha ya kuwa chombo hutengenezwa kwa ajili ya lugha ya mwenye nacho, na mwenye kukiazima hana budi kukizoeza lugha yake.

Jambo jingine ni tahajia. Maadamu watu waliandika kwa mkono, kila mtu aliandika apendavyo. Lakini mpiga chapa hawezi kuweka neno moja kwa namna tatu katika kitabu cha shule. Ndiyo sababu moja iliyowafanya wakubwa wa elimu kukutana Dar es Salaam mwaka 1925 na Mombasa mwaka 1928, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili isimamie kazi hiyo. Wako walionung'unika, hasa watu wa Mombasa na Lamu, nao walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini kitabu kilichopigwa kwa tahajia ile kilisomeka Kigoma kama kilivyosomeka Tanga.

MAGAZETI YA TANGANYIKA

Wakati wa Wajerumani, shule ya Serikali ya Tanga ilikuwa na mtambo wake, na huko likatoka gazeti la Kiongozi tangu 1904 hata 1916, vita vilipofika. Walioliandikia walikuwa walimu, maakida na makarani waliotawanyika katika boma za nchi nzima. Lilikuwa gazeti la Serikali, nalo halikusema ambalo Serikali haikulipenda. Lakini liliwazoeza watu wetu jambo jipya: mtu wa Mwanza kumjibu mtu wa Lindi, bila kuonana, mbele ya mashahidi wengi.

Katika mji huo huo wa Tanga, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenziwe walianzisha Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika. Kayamba alikuwa amesoma Kiungani, pale pale palipotoka Msimulizi. Kwa hiyo msishangae kwamba chama cha makarani na gazeti ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili walizaliwa na watu waliojua ya kuwa neno lililoandikwa hufika mahali ambapo mwenyewe hawezi kufika.

Januari 1923 Serikali ya Waingereza ilianza kutoa Mambo Leo hapa Dar es Salaam. Humo zilikuwamo habari za miji, mafundisho ya kilimo na afya, hadithi, na mashairi yaliyoletwa na wasomaji. Wengi walianza kujulikana kwa kurasa zile. Shaaban Robert naye aliandika humo, na msisahau ya kuwa Shaaban Robert alikuwa karani: aliingia kazi ya Forodha mwaka 1926, na miaka mingi ya maisha yake ilipita katika ofisi za Serikali. Lakini oneni ufukara wa mitambo yetu: Pambo la Lugha, kitabu chake cha awali, kilipigwa chapa Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtu wa Tanga alitunga, na risasi ikapangwa Afrika ya Kusini.

Gazeti lililotolewa na Mwafrika kwa mapenzi yake mwenyewe lilipatikana Novemba 1937, Erica Fiah, mwenye duka mjini hapa aliyezaliwa Uganda, alipotoa Kwetu. Aliliendesha mpaka 1951, kwa taabu nyingi za fedha. Ndani yake watu wa Dar es Salaam walisema habari za mishahara, za nyumba na za bei ya vyakula, bila kungoja ruhusa ya mwalimu. Sasa ulizeni ni wangapi kati yetu waliowahi kuishika nakala ya Kwetu mkononi. Bila shaka nyingi zilifungia karanga.

MASHINE YA MASKINI

Hata hapo mambo yote niliyoyasema yalitaka mtambo mkubwa, nyumba ya kuuweka na mafundi wa kuutumia. Mtambo ulikuwa wa misheni, au wa Sultani, au wa Serikali, au wa mfanyi biashara mwenye fedha. Mtu mdogo aliupata kwa kumbembeleza mwenyewe.

Mashine iliyotuletea uhuru katika jambo hili ni ndogo, tena haina sura ya kupendeza: ni hii ya kurudufu kwa stensili. Thomas Edison wa Marekani alipata hati ya ubunifu wa namna hiyo mwaka 1876, na A. B. Dick wa Chicago akaitengeneza kwa kuuza tangu 1887. Huko London, David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria, alitengeneza yake tangu miaka ya 1880, na kwa muda mrefu jina lake likawa jina la mashine yenyewe katika ofisi zetu.

Mwajua jinsi itumikavyo. Stensili ni karatasi nyembamba yenye nyuzi nyuzi, iliyopakwa nta. Karani huondoa utepe wa taipu, akapiga herufi juu ya nta, na kila herufi hukata njia. Stensili huvikwa juu ya pipa lenye wino. Pipa likizungushwa kwa mkono, wino hupenya katika njia zile na kugusa karatasi. Kosa huzibwa kwa dawa, likangojwa likauke, neno likapigwa tena. Stensili moja nzuri huweza kutoa mamia ya nakala kabla haijararuka. Haitaki umeme, wala sanduku la herufi, wala fundi aliyesoma miaka saba. Yataka karani mmoja mwenye vidole safi na macho mazima. Gazeti letu hili halikupata uhai kwa njia nyingine.

Na msidhani mashine hii ni mchezo. Chama cha TANU, ambacho ofisi yake ilikuwa New Street, sasa Lumumba, si mbali na hapa tulipo, kilitoa tangu 1957 karatasi iliyoitwa Sauti ya TANU, iliyorudufiwa kwa stensili namna hii hii. Mwenye kuitengeneza alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1958 maneno yaliyoandikwa humo juu ya mabwana wawili wa wilaya yalimfikisha mahakamani kwa kesi ya kashfa. Agosti mwaka huo alionekana na hatia, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ikalipwa. Mimi sikusimama hapa kuihukumu kesi ile upya. Nataka tu muone uzito wake: karatasi chache za stensili zilikuwa na nguvu ya kuifanya Serikali nzima iende mahakamani, na kila tamko na kila jina ndani yake likapimwa na mawakili neno kwa neno. Anayekata stensili hana ruhusa ya kuandika ovyo, wala hana sababu ya kujidharau.

HABARI YA MZEE MSTAAFU

Nitatoa mfano mmoja wa karibu. Miaka michache iliyopita mzee mmoja mstaafu alikuja kuomba msaada wetu. Idara aliyoitumikia, ambayo sitaitaja, ilikataa kuihesabu miaka yake ya kwanza ya kazi, ikisema alikuwa kibarua wa muda. Mzee alikumbuka waraka uliosema ya kuwa vibarua wa namna yake watahesabiwa tangu tarehe fulani. Jalada la waraka ule halikuonekana katika idara. Lakini alikumbuka pia ya kuwa gazeti la chama liliunakili waraka wote wakati ule. Nilikuwa mmoja wa waliotumwa kutafuta.

Katika kabati la tawi hamkuwamo kitu. Nakala za miaka ile ziliwekwa sakafuni, na maji yalipoingia zikawa uji. Tuliwauliza wazee waliokuwa wanachama, mtu baada ya mtu, Kariakoo, Ilala na Magomeni. Mwishowe tulipata nakala moja katika sanduku la bati, imetandikwa chini ya nguo za sikukuu. Mwenyewe hakuitunza kwa ajili ya waraka. Aliitunza kwa sababu jina la marehemu kaka yake lilikuwa katika orodha ya wachezaji wa mpira ukurasa wa nyuma.

Tulifurahi, lakini furaha ilikuwa nusu. Tarehe ya waraka haikusomeka. Herufi za taipu iliyotumika zilikuwa zimejaa nta, na tarakimu ya mwisho ya mwaka ilitoka doa tupu: mmoja aliisoma 3, mwingine 8. Idara nayo ilichagua kuisoma ile isiyomfaa mzee. Tulihangaika miezi minne zaidi mpaka tukapata ushahidi wa pili kwa mstaafu aliyehamia Morogoro. Mzee alilipwa haki yake, namshukuru Mungu. Lakini pima mwenyewe: nakala moja ya stensili ilikuwa na thamani ya miaka ya jasho la mtu, na doa moja la nta likaizuia miezi minne. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza ya kuwa daftari lisilosomeka ni nusu ya kupotea.

MOTO, MAJI NA SIMU

Sisi wa Jangwani hatuhitaji kuambiwa habari za maji. Bonde la Msimbazi li karibu nasi. Desemba 2011 mvua iliyonyesha siku chache iliingia katika nyumba za bondeni, ikaua watu, na waliosalimika wengi walitoka na nguo za mwilini tu. Vyeti na hati zao vilikwenda na maji. Na usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua moto. Mfanyi biashara aliyekuwa na hesabu zake zote katika daftari moja kibandani alipoteza bidhaa na ushahidi wa bidhaa kwa usiku mmoja.

Vijana mtaniambia ya kuwa sasa kuna kompyuta na simu, na kwamba picha ya waraka hufika Mwanza kabla mtu hajafunga bahasha. Nakubali, nami huzitumia. Lakini maandishi yaliyomo katika simu moja ni sawa na kitabu cha mkono kilichomo katika nyumba moja: simu ikizama, nayo yamezama. Tena yaliyotumwa kwa watu elfu huweza kubadilishwa njiani na mtu wa pili, yakaendelea bila tarehe wala jina la aliyeyatoa. Taabu ya yule mwandishi wa zamani, ya kosa juu ya kosa, imeturudia kwa mlango wa nyuma. Chombo kimegeuka, wajibu ni ule ule.

MASHAURI YANGU

Bwana Mwenyekiti, sipendi hotuba iishie katika kupigiwa makofi. Natoa mashauri manne, nami naomba yajadiliwe katika mkutano ujao.

Kwanza: stensili yoyote ya gazeti letu isipelekwe mashineni kabla haijasomwa na watu wawili, mmoja akisoma mwandiko wa asili kwa sauti na mwenziwe akifuata kwa macho. Majina ya watu, tarehe na fedha zisomwe mara mbili. Na kabla ya kukata stensili, herufi za taipu zipigwe brashi. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Pili: kila ukurasa uandikwe jina la gazeti, namba yake na tarehe. Karatasi ikiachana na wenzake, iwe na kinywa cha kujieleza yenyewe.

Tatu: katika kila toleo tutenge nakala tano kabla hatujaanza kugawa. Moja ikae katika kabati la tawi, juu, wala si sakafuni. Moja iende kwa tawi la bara, mbali na bonde la Msimbazi. Moja ipelekwe Maktaba Kuu ya Taifa. Moja Nyaraka za Taifa. Na moja maktaba ya Chuo Kikuu, ambako wakusanyao maandiko ya Afrika Mashariki huyaweka. Nauli ya basi haishindi faida yake.

Nne: mambo ya haki za wanachama, kama nyaraka za mishahara na pensheni, yapigwe juu ya karatasi iliyo bora kidogo. Karatasi ya bei ndogo hufanywa kwa mti uliosagwa bila kusafishwa. Hugeuka manjano ikionja jua, ikavunjika kama mkate mkavu. Habari za dansi na mpira zaweza kukaa juu yake, ijapokuwa, kama mlivyosikia, hata orodha ya mpira huweza kumwokoa mtu.

Mabibi na Mabwana, vijana wale wa Unguja waliosimama mbele ya sanduku la herufi hawakuwa na mali wala cheo. Walikuwa na usahihi wa mkono, na kwa mkono ule vitabu vya kwanza vya lugha yetu vikapatikana. Sisi tuna mishahara, ijapokuwa midogo. Tuna mashine, tuna chama, tuna lugha iliyokwisha kunyoshwa njia. Hatuna udhuru wa kuacha waraka wa mwenzetu upotee, wala wa kuutoa ukiwa na doa mahali penye tarehe.

 Aliye na swali na aulize, na aliye na nakala za zamani za gazeti letu nyumbani kwake, hata moja, nampa taarifa ya kuwa Katibu ameleta daftari la kuziandikisha, nalo li juu ya meza karibu na mlango.